Jina Ambalo Boga Hakulitaja

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
12 Mfunguo Nne, sawa na 14 Novemba, 1948.

Mpendwa mpwa wangu Mwidani,

Assalamu alaikum. Kabla ya neno lolote nakuuliza hali yako. U mzima? Kifua chako, kilichokuwa kikikusumbua kila baridi ilipoingia, kimetulia huko Kisumu? Nimeambiwa kwamba huko jua huwaka mchana kutwa, na mvua ikanyesha jioni, na kwamba mbu hawana idadi. Lala ndani ya chandarua, na usinywe maji ya ziwani kabla hayajachemshwa. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Magoti huniuma kidogo ninapoinuka katika sala, lakini chakula nakula na njia naiona.

Huenda ukashangaa kuuona mwandiko huu. Imepita miaka miwili na miezi miwili tangu uondoke, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Mama yako Dhahabu alinionyesha barua yako ya mwisho, ndiyo sababu nikajua kwamba waandikiwa kwa anwani ya mwenye duka la nguo. Barua yako ina makosa manne ya maandishi. Sitayataja leo, kwa sababu leo mwenye kosa ni mimi.

Nianze na habari za nyumbani. Vuli imekuja mapema mwaka huu. Muhogo wa upande wa kisimani umestawi, ule wa bondeni umeoza mizizi. Paa la nyumba liliezekwa upya mwezi wa nane. Tangu tulipomzika mke wangu Mwanasaumu nakaa peke yangu, kama ujuavyo, na vyumba viwili kati ya vitatu havifunguliwi ila siku ya kufagia.

Kuna jambo moja nililoliona baada ya wewe kuondoka, nami nililifahamu vibaya. Nyenje wa Mtongwe walinyamaza. Nilidhani ni mafuta yaliyomwagwa na wanajeshi walipokuwa na kambi yao hapa wakati wa vita, na nikawaeleza watu hivyo barazani, kwa ushahidi na sababu. Hakuna aliyenipinga. Baadaye nikaona kwamba ndege nao wamepungua, kisha kwamba mvua siku hizi huanza bila ya kugonga makuti, nikaitambua kwa kuona uani pamelowa. Hata mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani ilikuwa kimya, nami nikadhani wameacha kupika wali wa nazi kwa ajili ya ughali wa maisha. Vitu hivi havikuniaga. Kimoja baada ya kimoja vilitoka, na kila kimoja nilikitafutia sababu iliyo nje ya kichwa changu.

Sasa nitaiandika siku ile, ingawa waijua. Mtu akikiri hana budi kulitaja analolikiri, asije akakiri nusu.

Wakumbuka jinsi chuo changu kilivyokuwa. Watoto ishirini na wawili mkekani, kila mmoja na juzuu yake, na kila mmoja akisoma mahali pake, wote kwa pamoja na kwa sauti. Mpita njia alisikia kelele tu. Mimi nilikaa nimefumba macho, mgongo ukutani, na katika kelele zile nilimsikia mmoja aliyekosea nikamwambia, "Rudi." Mtoto aliyeambiwa alijijua, hata bila ya kutajwa jina. Watu walitoka mtaa wa Shika Adabu kuja kutazama jambo hilo. Sikuwahi kulisema, lakini nililionea fahari kuliko kanzu yangu ya Idi. Kila mtu ana masikio mawili, nami nilijiona nina ishirini na mawili.

Wewe ulikuwa khalifa wangu, ukikaa upande wa pili wa mkeka na kuwasikiliza wadogo. Mwezi wa Rajabu ulinijia baada ya chuo kufunga, ukaniambia kwa adabu kwamba watoto wanameza maneno nami nawapitisha. Nilikujibu kwamba nilikuwa nikisomesha kabla mama yako hajaolewa. Ulinijia tena mwezi wa Shabani, na mara hiyo nikainuka nikaenda kutawadha wewe ungali unasema.

Kisha ikaja siku ya khitima ya Kafedha, binti wa rafiki yangu Boga, aliyekuwa amemaliza msahafu, baada ya Idi. Msikiti ulijaa, wazee wamekaa mbele, ubani unafuka, na sinia za halua zimefunikwa kwa kitambaa. Binti akasoma nyuma ya pazia. Ukasema kwa sauti ya chini, lakini watu walisikia, "Mjomba, ameruka. Arudi nyuma aya mbili." Nami nikasema, mbele ya wote, "Wallahi nimesikia kila herufi kwa masikio yangu haya mawili." Hukuondoka. Ukasema, "Ameruka, mjomba." Ndipo nikakuita mwongo. Nikasema kwamba wataka kukikalia kiti changu nami ningali hai. Nikakuamuru uuache mkeka wangu, ukauacha. Uliinama ukanibusu mkono kwanza, kisha ukatoka. Kesho yake ulipanda treni.

Haya ndiyo niliyoyatenda, na sitaki kuyapunguza.

Baada ya wewe kwenda, watoto walipungua. Walikuwa ishirini na wawili, wakawa kumi na wanne, kisha sita. Wazazi walikuwa na adabu. Mmoja alisema mwanawe ni mgonjwa, mwingine kwamba wanahamia Chaani kwa ajili ya kazi. Mwezi wa tano mwaka huu walikuwa wamebaki wanne, nami nikawaambia wapumzike mpaka nitakapowaita. Sijawaita. Mkeka nimeukunja, umesimama pembeni nyuma ya mlango.

Boga huja kila siku baada ya alasiri. Yeye ni mkulima, na tangu tulipokuwa tukisoma ubao mmoja ananitania, wala siwezi kumkataza. Nilipomwambia kwamba watu siku hizi wanaongea kwa kunong'ona kwa sababu ya ukosefu wa malezi, alinisogelea akaniambia, "Mbwana, wewe hutakufa kwa uzee. Utakufa kwa ubishi." Hilo nililisikia vizuri.

Siku moja alimtuma Kafedha aniletee muhogo wa nazi. Amekuwa binti wa miaka kumi na minne sasa, na mrefu kuliko mama yake. Nikamwuliza kwa nini wenzake walikuwa wakitoroka chuo hata kabla sijakifunga. Akajibu, nami nikamwona akijibu, lakini maneno sikuyapata. Nikamwambia, "Sema kama mtu." Akanikaribia akasema kwa sauti ambayo nadhani nusu ya Mtongwe iliisikia:

"Watoto walikuwa wakisema, kwa Mwalimu Mbwana hata usiposema, yuasikia!"

"Walikuwa na maana gani?"

"Mtu akisahau, alikuwa akivuma tu kama nyuki mpaka afike anapopajua. Wewe wasema, ahsante, endelea."

Kisha akatazama chini, na alipoinua uso alikuwa analia. Akasema, "Hata mimi siku ile nilivuma, Mwalimu. Kaka Mwidani alisema kweli."

Nilimfukuza. Nilimwambia kwamba mtoto asiyejua kusoma hutafuta wa kumsingizia. Ule muhogo niliuacha kwenye kibao mpaka ukaingia sisimizi. Usiku ule na usiku uliofuata nilijisomea sura ile aliyoisoma, na kila nilipofika pale ulipomrudisha niliisikia sauti yake, herufi kwa herufi, kama nilivyoisikia siku ile. Nikasema moyoni, nimesikia, nitawezaje kusema sikusikia?

Kilichonitoa katika ubishi huo ni lori. Tulikuwa tukienda kivukoni, Boga na mimi, kununua chumvi. Mara akanivuta kanzu kwa nguvu tukaanguka sote shimoni. Aliponiinua alinionyesha lori lililotoka nyuma yetu. "Limepiga honi mara tatu," aliniambia. Nilimjibu kwamba nilisikia honi moja, nayo ilitoka mbele. Akanipangusa vumbi kanzuni. Hakunitania. Nilipoona kwamba Boga hanitanii, ndipo nilipoogopa.

Alinipeleka ng'ambo, mjini, kwa daktari mmoja Mhindi ambaye amekaa Mombasa miaka thelathini. Kiswahili chake kiliyatia masikio yangu maumivu kabla hajayatazama, lakini ni mtu mwenye elimu na subira, na nitamheshimu mpaka nife. Alichungulia ndani kwa taa. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili, mfano wa uma, akakipiga gotini mwake na kitako chake akakisimamisha juu ya mfupa ulio nyuma ya sikio langu. Nikasikia mvumo ndani ya kichwa. Ulipokwisha akakileta mbele ya tundu la sikio, na nikausikia tena. Akafurahi. Kisha akapiga chuma cha pili, kidogo kama kijiti cha kuchokoa meno. Nikangoja nisikie kitu. Boga, aliyekuwa amekaa kule dirishani, alikuwa ameyaziba masikio yake kwa vidole.

Alinichorea kwenye karatasi, nami nitakueleza kama nilivyofahamu, maana najua wapenda kujua sababu ya mambo. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia katika tundu la sikio ikagonga ngozi iliyowambwa mwishoni mwake, kama ngozi ya kigoma. Nyuma ya ngozi hiyo kuna vifupa vitatu vilivyoshikana, vyote pamoja havijazi ukucha, navyo huupeleka mtikisiko ndani zaidi, kwenye mfupa uliojizungusha kama gamba la konokono. Gamba hilo limejaa maji, na ndani ya maji zimo nywele nyembamba zisizoonekana kwa macho. Maji yakitikisika, nywele huinama, na zikiinama hupeleka habari kwenye bongo kwa njia ya mshipa. Sauti nyembamba, kama ya mtoto au ya nyenje, huzitikisa nywele zilizo karibu na mlango wa gamba. Sauti nene hufika mpaka ndani kabisa. Kwa hiyo nywele za mlangoni hupitiwa na kila kitu, nazo ndizo zichakaazo mwanzo, kama mkeka unavyochakaa pale watu wanapovulia viatu. Zikifa hazioti tena.

Ngozi yangu ni nzima, na vifupa ni vizima. Nywele za mlangoni zimekufa, pengine miaka kumi sasa, na za sikio la kushoto zaidi. Na kwa kuwa bongo hutambua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha sikio lililoipata kwanza na lililoipata baadaye, asiye na masikio yaliyo sawa hupotea. Ndiyo sababu ile honi ilitoka mbele.

Nilimwambia, "Daktari, hayo nayakubali kwa nyenje. Lakini watoto wangu niliwasikia."

Akanijibu kwa Kiswahili chake, "Mzee, sikio iko peleka habari tu. Kusikia iko kazi ya bongo."

Sikumfahamu. Akafikiri kidogo, kisha akamwita Boga asimame nyuma ya kiti changu na kunisomea kitu ninachokijua kwa moyo, na mahali pamoja akohoe badala ya kusema. Alipendekeza sura fupi. Boga akakataa. Akasema, "Mimi sichezi na maneno ya Mungu, hata kwa dawa." Nilimpenda kwa jibu hilo. Daktari akauliza kama kuna kitu kingine ambacho sisi wawili twakijua bila ya kufikiri. Boga akasema ipo nasaba yangu, ambayo ameisikia ikitajwa katika kila harusi ya ukoo wetu tangu utoto. Basi wakanong'onezana, nami nikageuzwa uso ukutani.

Boga akaisoma nasaba polepole. Nilimsikia wazi. Alipomaliza daktari akaja mbele yangu akauliza nimesikia watu wangapi. Nikasema, "Watano, na kikohozi cha mtu anayenusa ugoro."

"Wa tatu ni nani?"

"Mwidani," nikasema. "Mbwana bin Makame bin Mwidani bin Kombo bin Mwinyihaji. Hivyo ndivyo alivyosema."

Boga akazunguka akasimama mbele yangu. "Mwalimu," akasema, "Mwidani sikumtaja."

"Umemtaja."

"Nilikohoa mahali pake."

"Ulikohoa baada yake."

Akavua kofia yake. Tangu tulipokuwa watoto sijamwona Boga akivua kofia mbele yangu. Akasema taratibu, akinionyesha midomo yake, "Mbwana, mimi na wewe tumesoma ubao mmoja. Mwidani sikumtaja. Nilimwacha kusudi, kwa sababu nilijua huyo ndiye utakayemsikia."

Nilitazama ukutani tena. Palikuwa na kalenda ya duka la nguo, yenye picha ya tausi, na nilihesabu manyoya ya mkia wake moja moja.

Mwidani, wewe umeona hati zangu za kale zilizoliwa na mchwa. Mtu aijuaye hati hupita juu ya tundu bila ya kuliona, akasoma neno lililokuwapo. Asiyeijua husimama hapo akauliza. Bongo hufanya hivyo. Hupokea habari zenye matundu kutoka masikioni, ikayaziba kwa inayoyajua, kisha ikakupa kitu kizima, wala haikwambii kipi kimetoka nje na kipi imekiweka yenyewe. Na kadiri mtu alivyokijua kitu sana ndivyo inavyomdanganya kwa urahisi. Mtu asiyejua aya hata moja angelisikia siku ile kwamba Kafedha anavuma. Mimi niliyehifadhi yote nilisikia kila herufi. Nilikuwa nikiwasikiliza watoto wale miaka kumi, nao hawakuwapo. Nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe, katika ujana wangu, nikisoma vizuri.

Na wewe, uliyesikia kwa masikio, ndiye niliyemwita mwongo.

Nilimwuliza daktari dawa. Akasema hakuna. Akanishauri watu wanitazame wanaponisemesha, waseme polepole, na wasipige makelele, kwa kuwa makelele huongeza unene wa sauti na hayaongezi uwazi wake. Boga alisikia shauri hilo, na bado hupiga makelele.

Nilimwuliza pia jambo jingine, Boga alipokuwa ametoka nje. Nitakuandikia hilo mwisho.

Nilimwendea sheikh wetu nikamwuliza habari ya kiapo changu. Akaniandikia kwamba aliyeapa akiamini analolisema hana kafara. Hata hivyo nimefunga siku tatu. Kisha ikaja Ijumaa. Baada ya sala niliomba watu wakae. Wengi walikuwapo siku ya khitima. Nikasimama mahali palepale niliposimama siku ile, nikasema kwamba niliapa juu ya nisilolisikia, kwamba Mwidani bin Salimu alisema kweli, na kwamba nilimfukuza kwa kusema kweli. Nilisema maneno machache, kwa sababu sijui tena ukubwa wa sauti yangu, na nilihofu kwamba ninapiga kelele msikitini.

Nilipomaliza nikaona midomo yao ikitembea. Wote, Mwidani. Mstari wa mbele, na wa pili, na wazee waliokaa mlangoni. Walikuwa wakisema jambo, wengine wamenitazama, wengine wamegeukiana, nami sikupata hata neno moja. Sikujua kama wananicheka, au wananiombea, au wananilaumu. Na bongo yangu, iliyonipa maneno miaka yote hiyo bila ya kuombwa, haikunipa kitu, kwa sababu jambo hili haikulijua kwa moyo. Nimemzika mke, na nimekaa Ramadhani mbili nikifuturu peke yangu, lakini sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwa dakika zile, nikiwa kati ya watu mia.

Boga alinishika mkono tukatoka. Nyumbani alichukua ubao mmoja wa chuo, akachovya kalamu katika wino wa masizi, akaniandikia kwa ule mwandiko wake mbaya ambao mwalimu wetu alishindwa kuurekebisha. Aliandika maneno mawili: *Wamesema, mwite.*

Basi nakuita.

Sikwiti kwa kuwa mimi ni mjomba wako, maana haki hiyo niliitumia vibaya na haijanirudia. Nakuita kwa mambo mawili, nawe yapime. La kwanza ni chuo. Watoto kumi na wawili wanangoja. Wazazi wao wamekwisha kuja kwa Boga kuuliza. Mkeka ni wako, na kiti ni chako. Mimi nitakaa upande wa pili, pale ulipokuwa ukikaa, na kuwachongea kalamu na kuwaandikia mbao zao, kwa kuwa macho yangu na mkono wangu bado ni vizima. Kusikiliza sitasikiliza. La pili ni Kafedha. Amekataa kuitwa aliyehitimu. Mama yake amemsihi, mimi nimemsihi, naye asema atasoma tangu mwanzo mbele ya mtu aliyemrudisha, wala hatasoma mbele ya mtu mwingine. Nilimtaka radhi kwa ule muhogo. Akaniambia, kwa sauti yake ya kuamsha mji, "Mwalimu, ulikuwa na chumvi nyingi, bora hukuula."

Huenda kazi yako huko ni nzuri, na huenda umekwisha kupata watu wako. Ukiniandikia kwamba hutakuja, sitakulaumu, na barua yako nitaisoma kwa heshima, hata ikiwa na makosa. Ila niandikie. Barua ndiyo sauti pekee inayonifikia nzima siku hizi. Katika karatasi neno lililopo lipo, na lisilokuwapo halipo.

Mama yako hajambo. Huja kila Jumatatu tukakaa pamoja ukumbini. Sauti yake ni nyembamba, kama wote wa upande wa mama yetu, na simpati kabisa; basi yeye husuka ukili nami nasoma, na saa mbili hupita hivyo. Akitaka kunitajia habari zako hugusa goti langu na kuonyesha upande wa reli. Akusalimia sana, na akuuliza kama zile nguo za baridi zilikutosha. Boga akusalimia. Kafedha akusalimia, na mama yake, Kanze, pia, na yule jirani yetu Mwanasaumu mdogo, ambaye kumbe hakuacha kukuna nazi hata siku moja. Nisalimie mwenye duka na wote mnaokaa nao kwa wema. Mwenyezi Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, akupe riziki ya halali, na akuhifadhie masikio yako mpaka uzeeni.

Sasa lile nililomwuliza daktari. Tangu uondoke, kila alfajiri nikisharudi kutoka msikitini na kukaa, nakusikia mlangoni. "Hodi, mjomba." Ni sauti yako hasa, yenye ule mkwaruzo wa kifua, na husema mara mbili kama ulivyokuwa ukisema. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikiinuka kwa hasira, nikifungua ili nikwambie urudi ulikotoka. Mwaka wa pili nilifungua bila ya hasira. Mwaka huu nafungua upesi. Nilimwuliza daktari kama ni jini au ni wazimu. Akasema si jini wala si wazimu. Bongo iliyozoea sauti ikinyimwa hutengeneza yenyewe, na hutengeneza ile iliyoizoea sana wakati ule iliyokuwa ikiingojea.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukija, usipige hodi. Mlango sitautia komeo. Ingia, pita ukumbini, unishike bega. Nimekwisha kuifungulia sauti yako mara nyingi mno, na mkono wako siwezi kuutengeneza mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ambaye hakukwambia hivyo ulipokuwa karibu,

Mbwana bin Makame bin Mwidani